Kikaango cha mama mkwe, Savannah

Kila mwaka mpya unapokaribia humkumbuka sana marehemu mama mkwe wangu wa Savannah, katika jimbo la Georgia. Huko Kusini mwa Marekani, tarehe 1 Januari familia nyingi hupika kunde na wali, majani mapana ya jamii ya sukuma wiki, na mkate wa mahindi. Wazee husema kunde ni sarafu, mboga ni noti, na mkate ni dhahabu.

Mama alikuwa muumini wa Kanisa la Baptisti, na alikulia katika nyumba ambamo mboga haikuhesabiwa imepikwa mpaka itiwe nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Nilipoolewa pale, mimi binti wa Kiislamu kutoka Tanga, hakunihoji. Alinunua bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi, akalichemsha kwa muda mrefu pamoja na kitunguu na pilipili, ndipo akatia majani. Kikaango kizito cha chuma alichokirithi kwa mama yake, kilichokolea mafuta ya nguruwe miaka na miaka, akakitundika ukutani, akanunua kingine kwa ajili yangu. Sijapata kupewa heshima kubwa kuliko ile.

Kikaango hicho kipya alikitia mafuta na kukiacha ndani ya oveni mpaka kiive kwa moto, kisha akamimina unga wa mahindi uliokorogwa kwa mtindi na mayai. Rojo likigusa chuma lilipaswa kulia chwaa; lisipolia, alijua ukoko hautashika. Sukari hakutia kamwe, nami nakubaliana naye, kwani mahindi yana utamu wake.

Alikuwa akisimulia huku akipika kwamba mpunga wa pwani ile ulilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa, ambao wengi wao walikuja na ujuzi huo kutoka Afrika Magharibi, na kwamba kunde na bamia nazo asili yake ni Afrika. Siku aliponiona nachambua kunde kwenye ungo bila kuelekezwa, alinikabidhi bakuli zima, akaenda kuketi.

Kikaango cha ukutani alikichukua wifi yangu mkubwa. Hiki cha pili ninacho mimi, sasa cheusi na laini, na binti yangu ameshajifunza kuusikiliza ule mlio.