Gauni langu lina kutu na si bahati mbaya

"Dada pole, gauni limeshika kutu." Hiyo naisikia sana nikikatiza sokoni hapa Tabora, na jibu langu ni moja tu, nimelishikisha mwenyewe, kutu ndo rangi yenyewe.

Na sijaanzisha mimi. Hussein Chalayan, mbunifu mzaliwa wa Nicosia, mwaka 1993 akiwa anamaliza chuo cha Central Saint Martins pale London alizifukia nguo zake ardhini pamoja na unga wa chuma, akaja kuzifukua zimeshaliwa kutu, na duka la mitindo la Browns la huko huko London likaziweka dirishani. 1997 Martin Margiela, mbunifu wa Ubelgiji, naye akaotesha bakteria na ukungu kwenye nguo kwa ajili ya maonyesho ya makumbusho huko Rotterdam. Huyo wa ukungu simfuati, masika ya huku ukungu unakuja wenyewe bila kualikwa 😂

Ila kutu jamani! Chukua marekani, ile pamba tupu, iloweshe maji yenye siki, zungushia misumari, nati, bati bovu, chochote cha chuma kilichoanza kutu, funga kwenye nailoni isikauke halafu iache itulie. Siki inaharakisha kutu, kutu inazama kwenye nyuzi, kila msumari unaacha chapa yake na hata ukitaka kurudia ile ile hupati. Mimi hapo ndo nachanganyikiwa kabisa kwa raha. Halafu chemsha magome ya mwembe (usiubandue mti ulio hai, tafuta matawi yaliyokatwa, Tabora miembe ni bwerere), chuja, tumbukiza kitambaa chako, ile rangi ya chungwa ya kutu inageuka kijivu kizito mpaka inakaribia weusi huku unaangalia, maana tanini, ile kitu chungu iliyomo kwenye magome, ikikutana na chuma rangi inabadilika. Wino wa kuandikia wa Ulaya zamani walitengeneza kwa njia hiyo hiyo.

Usijaribu na polista, haishiki, na vitenge vingi vya bei chee ni polista. Choma kauzi kadogo, kakiyeyuka kakawa kidonge kigumu achana nacho, pamba inaacha majivu. Ukimaliza suuza na maji ya magadi kuua siki, kisha sabuni, ingawa chuma kitaendelea kuila pamba taratibu tu, haitakaa miaka kama khanga za bibi, na mteja namwambia hivyo kabla hajatoa hela, akikataa sawa.

Sufuria ya magome iwe ya kazi hiyo tu, usipikie tena.