Mshale unasema moto, skana inasema baridi: kulanti kwenye Impreza GC8

Wadau wa Subaru, kama una Impreza WRX ya zamani, ile GC8 yenye injini ya EJ20 turbo, na skana (kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) inakuonyesha kulanti, yaani maji ya kupoza injini, iko nyuzi 60 wakati gari limeshapiga misele ya kutosha, usikimbilie kununua thermostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Najua fundi atakwambia imekwama wazi, na kweli ikikwama wazi injini haipati moto wake, hata mimi niliambiwa hivyohivyo, ila gari langu lilikuwa na kitu kingine ambacho hakiendani kabisa na hiyo habari: kwenye foleni ya Mwenge mshale wa joto kwenye dashibodi unapanda unapita nusu na feni haziwaki.

Hapo ndo pa kutuliza kichwa. Kwenye GC8 joto la maji linapimwa na vitu viwili tofauti, kuna senso ya waya mmoja inayopeleka kwenye mshale wa dashibodi, na kuna ya waya mbili inayopeleka kwenye kontrol boksi (kompyuta ya injini), zote zimejificha kwenye bomba la maji chini ya manifoldi. Feni zinaamrishwa na kontrol boksi. Sasa boksi likidanganywa kwamba maji yana 60, feni haliwashi, halafu linamwaga petroli likidhani injini bado ya baridi, unaanza kuona moshi mweusi, harufu ya petroli, mafuta yanaisha haraka, na huku injini inaungua kwelikweli. Hii inatisha kuliko mshale kupanda.

Tukalenga hosi ya juu ya rejeta na kile kipima joto cha infraredi (lenga mpira, chuma kinachong'aa kinakupa namba ya uongo), ikaja karibu na 90. Kwa hiyo mshale ulikuwa unasema ukweli.

Kilichowachanganya wengi ni kwamba asubuhi, gari limelala usiku kucha, skana ilisoma 23 na hewa ya Dar ilikuwa kama 27 hivi, tofauti ambayo hakuna mtu ataijali, wakasema senso nzima. Na kweli ilikuwa nzima! Hii senso ya kontrol boksi ikiwa baridi inakuwa na ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) nyingi, kwenye hali ya hewa yetu ni kama 1,800 hivi, maji yakifika 90 zinashuka mpaka kama 240. Sasa ukiwa na waya mbovu unaoongeza ohm 350 njiani, asubuhi huoni kitu maana 350 juu ya 1,800 ni kidogo, ila injini ikipata moto hizo 350 zinazidi hata za senso yenyewe, boksi linaona kama 590, na kwa boksi hiyo ni nyuzi 60.

Tukachomoa soketi ya senso, pini moja imeota kutu ya kijani na waya wake umebaki nyuzi mbili tatu tu ndani ya mpira. Tukakata, tukaweka soketi nyingine, tukalehemu. Skana ikapanda taratibu mpaka 88, gari likaachwa linaunguruma palepale, ilipofika 95 feni zote mbili zikawaka.

Kwa hiyo ukienda kupima, pima injini ikiwa ya moto, na uweke mita upande wa kontrol boksi sio kwenye senso, ili waya wote na soketi viingie kwenye kipimo.