Hapana mama, siuzi, nafuma tu

Aisee kila anayefuma hapa Moshi hili swali analijua. Umekaa zako kwenye Hiace, foleni pale kipilefti haisogei, umetoa kroshia, ile sindano moja yenye ndoano, na uzi unaendelea na kazi yako, jirani anakuangalia weee mpaka uzalendo unamshinda, "dada, hivyo unauza bei gani?" Ukimjibu siuzi anaona kama hujamsikia, anarudia, "namaanisha ukishamaliza." Nikishamaliza namvalisha mtu, au natandika kwangu, au nafumua naanza kitu kingine na uzi uleule. Hapo ndo anakuangalia vizuri sasa, maana mtu mzima na akili zake anahangaisha vidole halafu hakuna hela inayotoka, haimuingii.

Na simlaumu hata kidogo. Maisha yenyewe tunayajua, kila semina ni ujasiriamali, kila kikundi ni mradi, mtu akijua kupika chapati tu anaambiwa fungua mgahawa. Halafu kuna wamama mji huu huu wamesomesha watoto kwa vitambaa vya makochi na masweta ya shule, hao nawavulia kofia. Ila mi nataka niongelee ile nyingine, ile ya kufuma kwa sababu unapenda kufuma, hakuna mteja anayepiga simu, hakuna oda ya Ijumaa, rangi unachagua mwenyewe na ukiamua kulaza kazi miezi miwili ndani ya mfuko hakuna wa kukudai. Hii raha watu wengi wanaikosa kwa sababu tu hawajawahi kuambiwa kwamba inaruhusiwa.

Raha yenyewe iko wapi? Ngoja nijaribu. Kufuma kwa sindano mbili, ukikuvua mapambo yote, ni mambo mawili tu, unapitisha sindano kwenye kitanzi kwa mbele au unapitisha kwa nyuma. Basi. Zile mbavu za mkononi zinazovutika, ile misokoto minene inayopanda kifuani kwenye sweta la mzungu, zile sehemu zenye matundu matundu, vyote vinatoka kwenye hayo mawili na namna unavyoyapanga. Tundu kwa mfano, unazungusha uzi mara moja juu ya sindano bila kufuma chochote, hapo umeongeza kitanzi kimoja na mstari unaofuata panabaki uwazi, halafu ili kazi isitanuke unakamata vitanzi viwili mahali pengine kwenye mstari uleule unavifuma kama kimoja. Umeongeza kimoja, umepunguza kimoja, hesabu iko palepale. Sasa uamuzi wa wapi unaongeza na wapi unapunguza ndo unaleta jani, ua, wimbi, chochote unachotaka, mi hii hesabu ndo inanifanya nisisikie usingizi.

Na kuna kitu wanaofuma shali za matundu wanakijua ambacho hakielezeki kirahisi kwa mtu ambaye hajakiona. Kazi ikiwa bado kwenye sindano haina sura, imejikunja, ina mabonde, ukimwonyesha mtu anakupa pole. Ukishaimaliza unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, unaikamua kwa kuibana ndani ya taulo (usiinyonge kama dekio tafadhali), unaitandaza juu ya godoro unaivuta kila upande na kuipiga pini pembeni pote. Muda huohuo unavyovuta, maua yanafunguka. Ikikauka ukatoa pini inabaki hivyohivyo. Nikifika hapo huwa naita watu wote waliopo nyumbani waje waone.

Sasa uzi. Huku kwetu uzi ndo mtihani. Uzi unaopatikana kila duka ni ule wa kusukia nywele, ambao kimsingi ni akriliki, rangi ziko nyingi na bei ni ya kawaida, unafaa kwa kofia za watoto na mazoezi, siudharau. Ila ukitaka sufu ya kweli, manyoya ya kondoo hasa, dukani huipati, na wala usiseme mbona Wamasai wamejaa kondoo, yule kondoo mwekundu wa Kimasai ana nywele fupi tu mwilini, hana sufu ya kusokota. Sufu nzuri mji huu inauzwa Memorial na Kiboriloni, kwa walioko Arusha nendeni Samunge, ila inauzwa ikiwa bado ni sweta. Ndiyo, mtumba. Yale masweta mazito ya Ulaya ambayo watu wanayapita kwa sababu ni makubwa au yametoboka kiwiko, yale ni uzi, tena uzi ambao ukiununua mpya hela yake si ya mchezo.

Ujanja wake ni huu. Geuza sweta ndani nje uangalie mshono wa pembeni. Ukiona pameshonwa kwa ovaloki, ule mshono wa nyuzi nyingi zinazong'ata ukingo, rudisha kwenye fungu, maana vile vipande vilikatwa kwa mkasi na kila mstari umekuwa kauzi kake peke yake, utapata vipande vya sentimita hamsini hamsini tu. Ukiona kingo zimekaa safi, kila kipande kimefumwa kwa umbo lake halafu vikaunganishwa kwa mshono mmoja kama mnyororo, hilo ni lako. Angalia pia kama limewahi kufuliwa na maji ya moto, sufu ikishagandamana haifumuki tena hata uilie. Ukifika nyumbani fungua mishono taratibu na mkasi mdogo, halafu anza kufumua kuanzia shingoni, kwa sababu masweta mengi yalianzwa kufumwa chini yakamalizikia juu, na uzi unakubali kutoka pale tu ulipoishia. Zungushia mgongo wa kiti, funga sehemu nne usijichanganye, loweka na sabuni laini, anika huku umening'iniza chupa yenye maji kwa chini ili ule mkunjo unyooke. Ukitaka kujua kama ni sufu au wamekudanganya, chukua kipande kidogo uwashe kiberiti, sufu inanuka nywele zilizoungua na moto unajizimia wenyewe, majivu yake ukiyafikicha yanasagika, akriliki inayeyuka inabaki kadonge kagumu keusi. Fanyia nje, na usishike kwa vidole, tumia kibanio.

Sindano nazo kuna wanaosema ni ghali, ila wengi wetu tulijifunzia spoku za baiskeli na vijiti vya mianzi, kwenye somo la Stadi za Kazi. Spoku haina tatizo lolote ukiisugua ncha kwenye sakafu mpaka iwe butu kidogo. Nyembamba tu, kwa hiyo kazi inakuwa ndogo ndogo na inataka subira.

Turudi kwenye vitambaa vya makochi, maana najua vijana wanavicheka. Sebule za miaka ya themanini na tisini, kitambaa cheupe juu ya kochi, kingine juu ya redio, kingine juu ya tivii na maua ya plastiki juu yake, vimekaushwa na maji ya sukari mpaka vimesimama vyenyewe. Mi nikiviona sasa hivi navishika. Ile kazi ni lesi, jamani, ni lesi kamili ya kroshia, na wamama waliokuwa wanaifuma hawakuwa na karatasi ya maelekezo, waliangalia cha jirani wakahesabu kwa macho wakaenda kufuma. Lesi hiyohiyo Ireland iliwaokoa watu, ile njaa kubwa ya viazi ya 1845 mpaka 1852, masista na wanawake wengine walifundisha familia kufuma lesi za kroshia zikauzwa nje, ikawa ndo hela ya chakula. Na kuna jambo lingine kuhusu kroshia ambalo nalipenda mno, mpaka leo hakuna mashine inayoifuma kweli. Mashine ya kufuma kama sindano mbili ilibuniwa Uingereza na William Lee tangu 1589, masweta ya dukani yote ni mashine, lakini kroshia bado ni mkono wa mtu. Kwa hiyo ukikuta blauzi ya kroshia halisi inauzwa bei ya soda, ujue kuna mtu mahali aliifuma kitanzi kwa kitanzi na alilipwa karibu na bure.

Lesi zenyewe ziko za aina nyingi kuliko nilivyokuwa nadhani. Kuna ile ya sindano ya kushonea iliyokuzwa Venice kwenye karne ya 16, na ile ya upande wa Ubelgiji ambapo nyuzi zinazungushiwa vijiti vidogo, vijiti makumi kwa makumi, kazi ngumu vinafika mamia, unavipishanisha viwili viwili juu ya mto uliochomekwa pini kufuata mchoro. Nimeangalia video za wale wabibi wa Bruges mikono inakimbia mpaka huoni nini kimepita wapi. Ila iliyoniweka macho usiku kucha ni ya kisiwa cha Hvar, Kroatia. Pale kuna masista wa Kibenediktini wanaotengeneza lesi kwa nyuzi wanazozitoa ndani ya majani mabichi ya mmea ambao ni jamii moja na mkonge wetu, nyuzi nyeupe nyembamba kabisa, na UNESCO waliiingiza kazi hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009 pamoja na lesi nyingine za Kroatia.

Mkonge! Sisi! Ukitoka hapa Moshi ukashuka barabara ya Tanga unapita mashamba ya mkonge pembeni mpaka unachoka kuyaangalia. Mjerumani Hindorf aliuleta 1893, miche 1,000, njiani karibu yote ikafa ikafika hai kama 60 hivi, na kutoka kwenye hiyo michache nchi ikajaa. Na toka siku zote tunauona ni wa kamba na magunia. Najua nyuzi za mkonge wa shambani ni nene na ngumu, si kitu kimoja na zile za masista, wao wanachagua majani na wana namna yao ya kuzitoa. Lakini nimeshamwomba binamu yangu aliye upande wa Korogwe aniletee majani machanga, nataka nione mwenyewe naweza kutoa uzi mwembamba kiasi gani.

Tukiwa kwenye kikao cha vikoba tunafuma wengi siku hizi. Mwanzo mweka hazina alilalamika hatusikilizi hesabu, akaja kugundua wanaofuma ndo wanaobaki macho mpaka mwisho, wengine wote wako kwenye simu. Kinachofumwa zaidi ni kofia na soksi za watoto wachanga, kwa sababu huku mtoto akizaliwa hata kama jua ni la Januari lazima avikwe kofia, na ukienda kumwona mzazi na mtori wako kwenye hotpoti, kile kikofia ndo kinachozungushwa mkono kwa mkono. Mama mmoja wa kikundi chetu, mtu mzima, hufuma bila hata kuangalia mikono, kila kofia anaiwekea mstari mmoja wa rangi tofauti pembeni kwa ndani. Nilimuuliza, mama, huo mstari wa nini na hauonekani? Akasema, "Mwanangu, huo ni wangu mimi." Sikuuliza tena.

Kwa anayetaka kuanza sina mengi. Anza na kroshia namba 4 au 5 na uzi wa rangi ya mwanga, nyeusi na bluu ya giza huwezi kuona vitanzi vyako utakata tamaa bure. Yutubu iko, lakini ukipata bibi au shangazi wa kukaa naye jioni moja utasogea kuliko wiki nzima ya video, kwa sababu yeye anaona kidole chako kinapokosea na anakishika.

Mimi kinachonikaa rohoni sasa ni kofia za viua, zile za Zanzibar na Lamu. Watu wanaziona kichwani kwa mzee wakienda msikitini, wanapita. Ishike siku moja, isogeze dirishani. Kitambaa cheupe, kimetobolewa vitundu vidogo mno na kila kitundu kimeshonwa ukingo wake kwa mkono, vitundu mamia kwa mamia vinapangwa mpaka vinatoa mchoro, nyeupe juu ya nyeupe, na moja nzuri mtu anaweza kuikalia miezi. Nimesumbuka na lesi za Lefkara kule Cyprus na za Bruges wakati lesi yetu iko hapahapa na fundi wake anaongea lugha yangu. Kwa hiyo kama kuna mtu Moshi au Arusha anayejua kushona viua kwa mkono, si mashine, na ana moyo wa kukaa na mwanafunzi, naomba aniandikie hapo chini. Jumamosi zangu ziko wazi, nauli ya Arusha najitegemea, kitambaa na uzi nakuja navyo.