Muay Thai Bangkok: nilivyofanya mazoezi huku nikiuza mawe

Kila niliyemwambia kwamba nataka kujifunza Muay Thai, ngumi na mateke ya Kithai, nikiwa Bangkok alinikatisha tamaa kwa namna yake. Mmoja alisema Bangkok ni jiji la biashara na foleni, mazoezi ya kweli yako kisiwani Phuket. Mwingine akanisisitizia nilipie kambi ya mwezi mzima mtandaoni kabla sijatoka nyumbani. Wa tatu, ambaye aliwahi kukaa huko, alinihakikishia kwamba Wathai hawamfundishi mgeni, wanampigisha picha tu na kumchukulia hela. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuvaa glovu Bangkok. Mimi nimevaa, tena katikati ya jiji, bila kulala kambini, na biashara yangu haikusimama hata siku moja.

Biashara yenyewe ni mawe. Anayeuza vito Arusha au Mahenge anaijua Bangkok hata kama hajafika. Eneo la Silom, hasa kuanzia mtaa wa Mahesak hadi Surawong, kumejaa ofisi za wanunuzi na wakataji. Rubi, safaya na spineli kutoka kwetu hupita humo kabla ya kuvaliwa na mtu Ulaya. Kazi hiyo ina kusubiri kwingi. Unaacha mzigo ofisini utazamwe, mnunuzi anakwambia njoo kesho, kesho anakwambia njoo mchana. Madalali wengi hulala hotelini saa hizo. Mimi nilizifanyia mazoezi.

Kwanza niseme la uwanja wa ndege, maana watu wanahangaika bure. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiweke kwenye begi kubwa. Ukitokea Tanzania au Kenya, pale Suvarnabhumi unaanzia kaunta ya afya, wanakagua kadi na karatasi zako, ndipo unakwenda uhamiaji. Nimeona watu wamesimama foleni ya uhamiaji karibu saa nzima, wamefika dirishani, wakarudishwa nyuma. Ukitoka hapo kuna treni mpaka kituo cha Phaya Thai kwa baht 45 (baht ni hela ya Thailand) au chini yake, na Phaya Thai unadaka treni ya juu, BTS, inayokufikisha Silom. Teksi ya nini?

Sehemu ya kwanza niliyojaribu ilikuwa karibu na hoteli kubwa, siitaji jina. Nililipa kama baht 600 kwa kipindi kimoja. Tulikuwa wageni wengi, makocha wachache, na nilichopata ni raundi mbili za pedi, zile ngao anazovaa kocha mikononi uzipige, na muda mrefu wa kupiga begi la kuning'inia peke yangu huku kijana mmoja akizunguka na kamera. Hakuna aliyenisahihisha hata teke moja. Kama ningeishia pale, ningerudi nyumbani nikirudia maneno ya yule aliyeniambia Wathai hawafundishi.

Badala yake nikaanza kutafuta kambi kwa macho. Nilivuka mto Chao Phraya kwa BTS mpaka upande wa Thonburi, ambako mitaa imetulia kidogo na watalii ni wachache, nikawa napita vichochoroni mida ya saa kumi jioni, saa ambayo kambi zote ziko kazini. Pedi zinasikika kabla hujaiona kambi yenyewe. Ukifika, tazama vitu hivi: je, kuna vijana wa Kithai wanaojiandaa na pambano, au ni wageni watupu? Je, kuna mizani ya kupimia uzito karibu na ulingo? Je, kuna matairi ya gari chini? Vijana wao hupasha misuli kwa kurukaruka juu ya tairi muda mrefu, miguu inapata mdundo na mashavu ya miguu yanakomaa. Kambi yenye mizani na matairi ni kambi inayopeleka watu ulingoni.

Nilipoipata ya namna hiyo, sikuuliza bei. Nilivua viatu, nikainamisha kichwa na kuunganisha viganja kama wanavyosalimiana, nikaketi kwenye benchi nikatazama mpaka mwisho. Kesho yake nikarudi, nikatazama tena. Jioni hiyo mwalimu mkuu, mzee mwenye masikio yaliyovunjika, akaniita kwa mkono. Tangu hapo sikuwa mtalii pale. Bei niliyopewa ilikuwa karibu nusu ya kule kwa mwanzo, na kila kipindi nilipata pedi zangu kamili. Kwa hiyo nakusihi: usilipe mtandaoni. Kambi ya maana haimfukuzi mtu anayekuja kutazama, na ukitazama unajua unanunua nini.

Ratiba yao ilinikaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Alfajiri kukimbia, halafu mazoezi mpaka kama saa mbili na nusu asubuhi. Mchana wote kambi inalala kwa sababu ya joto. Saa tisa au kumi wanaamka tena mpaka magharibi. Ofisi za vito hufunguka asubuhi ikishakomaa na hakuna anayekupokea kabla ya hapo, kwa hiyo nilioga, nikala, nikavaa shati, nikaenda kuuza. Jumapili kambi ikifungwa nilikimbia Lumphini, bustani kubwa iliyo pembeni mwa Silom, inayofunguliwa kuanzia saa kumi na nusu alfajiri. Humo kuna kenge wakubwa wanaovuka njia bila haraka, na wakimbiaji wanawapisha. Ukikimbia pale jioni, saa kumi na mbili kamili wimbo wa taifa unapigwa na kila mtu anasimama palepale alipo. Simama na wewe.

Sasa teke. Sisi nyumbani tumezoea teke la kikiboksi: unainua goti, mguu unafyatuka, unapiga kwa juu ya unyayo. Mwalimu alinitazama nikilipiga begi, akanisimamisha, akagusa ugoko wangu kwa kidole, kisha akagusa begi. Hakusema neno. Akanionyesha: kisigino cha mguu uliosimama kinageuka, nyonga inapita mbele, mkono wa upande ule ule unashushwa kwa nguvu kwenda nyuma, na mguu unaingia mzima. Halafu akafanya jambo ambalo naliona hadi leo ndilo somo bora nililowahi kupewa: aliniamuru nipige pedi kwa nguvu zote, na ugoko ulipokaribia akaiondoa. Nilizunguka duara zima. Akacheka kwa furaha, akapiga makofi, akasema hivyo ndivyo. Teke lisilokuzungusha likikosa, halina uzito ndani. Jioni ile nilipiga la kulia peke yake, basi. Kuhusu maumivu ya ugoko, achana na wanaokwambia upige mti au chupa. Ni begi, kila siku, na mafuta ya Namman Muay kabla na baada, yale yenye harufu kali inayojaza kambi nzima.

Lakini utamu wote wa Bangkok kwangu ulikuwa kwenye klinchi, yaani kushikana mkiwa mmesimama. Katika ngumi za kawaida mkishikana refa anawaachanisha. Katika Muay Thai hapo ndipo kazi inapoanza, kwa magoti, viwiko na kuangushana. Nilipangwa na kijana mwembamba ambaye uzito wake hata kilo hamsini na tano sidhani kama ulifika, mimi nina zaidi ya themanini. Nikamshika shingo, nikavuta. Hakushindana na mimi. Aliegemea, akapumua, akasubiri nihamishe mguu mmoja, akageuka nusu hatua, nami nikawa chini. Tukarudia, nikawa chini. Alikuwa msanii, na nilifurahi kuangushwa na mtu anayejua anachofanya.

Kila mazoezi yakiisha nilimwomba abaki nami, nikamnunulia maji ya nazi, naye akanifundisha kwa ishara. Viganja nyuma ya kichwa cha mwenzio vinalaliana, kimoja juu ya kingine. Usipishanishe vidole, vitavunjika na havina nguvu. Viwiko unavibana vikutane karibu mbele ya kifua chake, uzito wako wote unaning'inia hapo, mikono haivuti. Nyonga unaisogeza mpaka mgusane, kwa sababu ukiacha nafasi goti linaingia. Akikuwahi ndani, unapitisha mkono mmoja katikati kwa chini kama mtu anayeogelea, kisha wa pili, mpaka mikono yako iwe ndani na yake nje. Na lililo kubwa: msubiri anyanyue goti. Hapo amesimama kwa mguu mmoja, mgeuzie upande wa mguu uliosimama, ataanguka bila wewe kutumia nguvu.

Wiki za mwisho alikuja Mrusi mmoja mwenye mabega mapana, mzito kuliko mimi. Tukashikana. Nikamwacha avute, nikahesabu pumzi zake, akanyanyua goti la kulia, nikageuka. Alipotua, wale vijana wote waliokuwa kwenye kamba walipiga kelele kwa pamoja, ile "oi!" wanayoipiga goti likiingia. Najivunia hilo zaidi ya mzigo wowote niliouza Mahesak.

Waislamu wenzangu huniuliza kuhusu ile ibada ya kuinama kabla ya pambano, wai khru, na kile kitaji cha kichwani wanachokiita mongkhon. Nilimweleza mwalimu kwamba kusujudu siwezi. Hakukasirika hata kidogo. Kusini mwa Thailand kuna Waislamu wengi na mabondia wao anawajua. Akaniambia nizunguke ulingo nikigusa kamba pembe zote nne, kisha nimshike mkono yeye kama mwalimu wangu. Tukaelewana. Chakula nacho hakikunisumbua: karibu na msikiti wa Haroon, jirani na mtaa wa Charoen Krung, utapata kuku kwenye wali wa manjano unaoitwa khao mok gai, ni biriani ya kwao, na sahani haizidi bei ya chipsi mayai sana.

Kutazama mapambano ni lazima, na mimi nashikilia ukumbi wa Rajadamnern. Lumpinee, ukumbi mwingine, ina jina, ilianza mwaka 1956, ila mwaka 2014 ilihamishwa katikati ya mji ikapelekwa Ram Intra, mbali. Rajadamnern iko palepale tangu 1945. Usipande teksi jioni, foleni itakumaliza. Nenda gati la Hua Chang, karibu na kituo cha Ratchathewi, upande boti ya mfereji wa Saen Saep kuelekea mji wa kale. Nauli ni baht kumi na kitu. Boti haisimami vizuri, inagusa gati tu, unaruka. Kondakta amevaa helmeti na anatembea nje, ukingoni mwa boti, akikusanya nauli huku amejishikilia kwenye kamba. Ukikaa pembeni, ile kamba ya turubai iliyo karibu nawe ni kazi yako: boti nyingine ikija mbele, ivute turubai lipande, la sivyo maji ya mfereji yatawafikia wote mlio upande huo. Unashuka mwisho wa safari, unatembea kwenda barabara ya Rajadamnern Nok, ulipo ukumbi.

Nje ya ukumbi utakutana na watu wenye vitambulisho shingoni wanaokuuzia viti vya mbele kwa lugha tamu. Wapite. Nunua dirishani, na usinunue vya mbele. Panda juu, walipo wacheza kamari. Siku za mapambano ya jadi, wao ndio watakaokufundisha. Raundi ni tano za dakika tatu, na mapumziko ni dakika mbili. Ya kwanza na ya pili wapiganaji wanapimana, na mgeni anadhani hawapigani. Ya tatu vidole vinaanza kunyanyuka hewani, dau linapandishwa kwa ishara kutoka upande hadi upande, na ya nne ndiyo moto. Ngumi za uso hazihesabiwi sana. Teke linalotua mbavuni na goti linaloyumbisha mtu ndiyo pointi. Ya tano anayeongoza mara nyingi anarudi nyuma na kulinda ushindi, na mgeni aliyekaa mbele anazomea kwa sababu hajui kwamba shughuli imekwisha.

Halafu muziki. Wanapiga papo kwa papo: ngoma mbili, matoazi madogo, na pi chawa, ambayo ni zumari kabisa. Mtu aliyekulia Pwani kwenye zumari hahitaji kuelezwa. Mpigaji anawatazama wapiganaji, wakichangamka anaongeza kasi, na magoti yanaingia kwa mdundo ule. Nilikuja kugundua kwamba hata mazoezini mwalimu wangu alikuwa akiimba wimbo huo puani akinishikia pedi.

Vifaa nilinunua madukani karibu na kituo cha National Stadium, ambako maduka ya michezo yamepangana. Chukua glovu za wakia 16 kwa kupigana mazoezi, na kinga za ugoko. Kaptula nunua mbili kwa sababu jasho la kule halikauki. Na kama unakwenda kwa ajili ya vito, kumbuka maonyesho makubwa ni Februari na Septemba, na vyumba vya Silom hupanda bei wiki hizo. Lala Thonburi, karibu na kituo chochote cha BTS ng'ambo ya mto. Utalipa kidogo, na saa kumi na moja alfajiri utakuwa tayari uko karibu na kambi.