"Sehemu ya" na "sehemu za"

Nimetoka kuchapisha tasnifu yangu hapa Nyegezi. Kurasa 112. Moyo umetulia.

Hadi jana marejeo yote ya ndani niliyaandika kwa mkono: "tazama sehemu ya 3, sehemu ya 4 na sehemu ya 5". Nikiongeza kipengele kimoja cha ukaushaji wa dagaa, namba zote zinahama. Usiku nimekuta tisa zinaelekeza kusiko.

Alfajiri nikahamia kifurushi cha cleveref, kinachoandika marejeo chenyewe, kwenye LaTeX, programu ya kupanga maandishi kwa amri. Kila sehemu unaipa lebo, kisha unataja lebo kadhaa ndani ya amri moja ya \cref. Inazipanga namba yenyewe, na tatu zikifuatana inazifupisha. (Kiiteni baada ya hyperref, kifurushi cha viungo vya kubofya, ndugu zangu, msije mkasumbuka.)

Ila kilichonigusa ni Kiswahili chenyewe.

"Sehemu" ni ileile, iwe moja au kumi. Kinachobadilika ni "ya" na "za". Kwa hiyo kwenye \crefname, amri ya kuchagua maneno yanayotangulia namba, nikaweka "sehemu ya" kwa umoja, "sehemu za" kwa wingi. Viunganishi nikavifanya "na" na "hadi".

Nikaendesha faili mara mbili, alama za kuuliza zilizokaa mahali pa namba zikatoweka, na ukurasa wa 41 ukasomeka:

"tazama sehemu za 3 hadi 5 na 8"

Nimeusoma kwa sauti ndani ya daladala, mama mwenye ndoo ya sato akanigeukia. Mashine imeandika upatanisho wa kisarufi sawasawa!

Mnaoandika kwa Kiswahili, kwenye vielelezo na majedwali mmeweka nini? Nionyesheni.