Nilivyotoa springi za upepo kwenye Prado yangu

Aliyeliona kwanza ni kijana wa bodaboda anayepaki nje ya geti langu hapa Tabora. "Shikamoo mzee. Mbona leo gari lako limekaa kama fisi?" Nikatoka kuangalia. Kweli, mbele limesimama, nyuma limekalia tairi. Nikawasha, kompresa ikaunguruma, kitako kikapanda polepole. Nikasema yameisha. Kesho yake, fisi yuleyule.

Prado hii ni ya 2004. Mbele ina springi za chuma, nyuma ina springi za upepo, yaani mifuko miwili ya mpira inayojazwa upepo na kompresa ndogo ya umeme. Sensa inapima kimo cha gari. Ukipakia mzigo ikashuka, kompresa inaongeza upepo hadi gari likae sawa. Siwezi kuzisema vibaya, nimezifaidi. Ila mpira wenye miaka yote hiyo, jua la huku na vumbi, una mwisho wake.

Nilikoroga sabuni ya unga, nikalala chini na brashi ya rangi nikapaka mfuko wa kushoto. Pale mpira unapojikunja, povu likaanza kufurukuta taratibu kama uji unaokaribia kuchemka. Nikafuta nikaona: nyufa tupu, kama kisigino cha mtu aliyelima kiangazi kizima bila viatu. Upepo ukivuja hivyo kompresa haipumziki, na ikiungua unakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Mifuko mipya niliulizia bei nikanyamaza. Kwa hela ile nilipata springi za chuma, shokapu, raba za kukalia springi na stopa za mpira, na fundi nikamlipa humohumo. Hizo stopa usizisahau: kwenye mfuko wa upepo stopa iko ndani yake, ukiutoa imeondoka nao, na siku ukiingia shimoni na mzigo ni chuma kwa chuma.

Kilichonichukua muda ni kuchagua ugumu wa springi. Muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, aliniuliza kwenye simu, "Kaka, unabeba nini, na unabeba kila siku?" Upepo unajirekebisha wenyewe, springi ya chuma ina ugumu wake mmoja tu, ukikosea kuchagua utaishi nao. Mimi nafuata asali vijijini kusini ya Sikonge. Lami ipo, lakini mizinga haitundikwi kwenye lami. Nikapiga hesabu: dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, likijaa asali linakaribia kilo 28. Madumu 12 ni kilo 336, bado mimi na kijana wangu. Fundi alitaka nichukue zile ngumu kabisa. "Bosi, hizo huui maisha yako yote." Sawa, lakini nusu ya safari zangu naenda na madumu matupu, na mgongo ni wangu, si wake. Nikachukua za katikati, zikaja na basi.

Kazi tuliifanya chini ya mwembe. Fundi alitoa kwanza upepo wote kwenye mifuko kabla ya kugusa mrija wowote, kisha akainua gari kwa chesi, akaweka stendi, na juu ya hapo akaongeza magogo mawili. Nilimpenda kwa hayo magogo. Akafungua shokapu chini, eksi ikashuka, na hapo akanipa kazi ya kuchunga mpira wa breki: eksi ikining'inia sana mpira unavutika hadi kukatika. Mifuko ikatoka, mikono ya sensa ikafunguliwa isije ikagonga, springi zikaingia kwa mkono bila kuhitaji kubanwa.

Jioni nikalijaribu. Kila tuta, "ko!" upande wa kushoto. Nilirudi nimenuna. Kumbe ncha ya springi haikuwa imekaa kwenye kituo chake. Ilikuwa imepishana kama vidole viwili. Robo saa tu, ikazungushwa, kelele zikaisha.

Taa ya dashibodi ndiyo imebaki. Fundi umeme alichomoa rilei, ile swichi inayowasha kompresa, ili isiendelee kusukuma upepo usiokwenda popote, lakini kompyuta bado inalalamika kwa taa ya njano. Nimeshaizoea. Taa kubwa za mbele tulizirekebisha, maana nyuma palipanda kama sentimita tatu na mwanga ukawa unamulika karibu mno. Alaimenti, yaani kunyoosha matairi, haikuhitajika, eksi ya nyuma ni moja nzima.

Tofauti ipo. Likiwa tupu linadunda kuliko zamani, na mama Neema, ambaye hajawahi kuinua hata boneti, anasema nimeharibu gari. Likiwa na asali linatulia, linashuka kidogo tu. Safari ya kwanza tulirudi usiku na madumu yote 12, nikaliacha na mzigo wake. Alfajiri nikatoka na tochi kabla sijanawa uso. Lilikuwa limesimama.

Kompresa sikuitupa. Nimeifunga waya za kushika betri na mpira mrefu, inakaa nyuma ya kiti. Tairi likipungua porini inajaza, taratibu mno. Kijana wangu anapata muda wa kuchemsha chai.