Vipele Vinavyobaki Pumu ya Ngozi Ikishatulia

Pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, huacha alama zake hata muwasho ukishakwisha. Mwanangu wa pili anayo tangu utotoni, na kila inapotulia hubaki nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko ngozi ngumu, nyeusi kuliko kwingine, yenye vipele ambavyo ukivipitishia kidole utadhani unagusa ganda la fenesi. Hapa Mtwara wengi huviona kuwa ni uchafu uliogandamana, wakavivamia kwa dodoki.

Si uchafu. Ngozi inayokunwa mara kwa mara hujikinga kwa kuongeza unene, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza kwa vipele kwenye vinyweleo, kisha huacha mabaka meusi au meupe ambayo huweza kuchukua miezi kufifia. Kuisugua kwa dodoki, jiwe au chumvi ni kuuamsha muwasho upya. Muwasho huita kucha, na kucha huongeza unene ule ule tunaotaka uondoke.

Kwetu kuoga ni kwa muda mfupi, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Mwili hukaushwa kwa kugusishwa kanga laini, na kabla unyevu haujaisha, ndani ya dakika 3 hivi, hupakwa mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mkono ukishuka kufuata malaika yanakolalia ili vinyweleo visizibe. Bibi yake husifu mafuta ya nazi, nami sina ugomvi nayo yakiwa safi. Krimu yenye urea hulainisha ngozi nene ya mtu mzima, ila penye mipasuko huchoma, kwa hiyo mtoto simpaki.

Dawa ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe wa ngozi, aliyoandikiwa hupakwa pale tu daktari alipoelekeza. Iliyokamuliwa kwa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima hutosha eneo la viganja 2 vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ninachokiogopa ni krimu za kung'arisha zinazouzwa kiholela, kwani baadhi yake zina steroidi kali: vipele hutoweka upesi, ukadhani umepona, kumbe ngozi inakonda na kutoka michirizi.

Kisha kuna korosho, ambayo ndiyo maisha yetu huku. Mikorosho inapopuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, vumbi la salfa hiyo huwasha ngozi na macho hata ya mtu mzima, kwa hiyo wakati huo nguo na mashuka ya mtoto huanikwa ndani, naye hubaki nyumbani wenzake wakienda shamba. Msimu wa kubangua ukifika, yeye ganda haligusi, maana mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi nzima, sembuse iliyokwisha kuchubuka. Binamu zake humwita mvivu, na wamwite.

Vipele vikavu visivyouma huhitaji mafuta na subira tu. Vikianza kutoa majimaji ya njano au usaha, ngozi ikiuma na kupata joto, au yakizuka ghafla malengelenge madogo mengi yanayofanana pamoja na homa, hapo mafuta huwekwa kando na mtoto hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.